Mgaagaa na Upwa: Habari za Meza ya Mgeni Pwani

Wahenga walisema: Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Vitabu vya shule hueleza methali hii kwa maneno machache, kwamba mwenye kujishughulisha hakosi riziki, kisha huendelea na methali nyingine. Maelezo hayo si ya uongo, ila yameusahau upwa wenyewe. Upwa si mchanga mtupu wa kutembelea jioni. Ni ile ardhi ambayo bahari huifunua maji yanapotoka na kuifunika yanapojaa. Ardhi isiyolimwa wala kuuzwa, ambayo mwanamke wa kijiji aliweza kuishukia na kijiti na kikapu, akarudi na pweza mmoja na chaza kadhaa, hata kama mumewe hana chombo na nyumbani hamna senti. Wali wake haukuwa mkavu kwa sababu upwa ulikuwa ghala ya kila mtu. Leo kando ya upwa huo, na pengine juu yake, zimesimama meza za kulia. Nataka katika insha hii kuifuata historia ya meza hizo: nani alimlisha mgeni pwani kwetu zamani, kwa desturi gani na kwa faida gani, na nani anamlisha sasa.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote uko Pingwe, katika rasi ya Michamvi, mashariki ya Unguja. Pale pana jabali la tumbawe lililojitenga na nchi kavu kwa masafa mafupi. Wavuvi walilitumia kuwa kituo chao kabla halijajengwa. Sasa juu yake ipo nyumba ndogo iliyoezekwa makuti, yenye meza chache, nayo ni mkahawa ambao picha zake zimeenea ulimwenguni. Maji yakitoka, mgeni huuendea kwa miguu akapanda ngazi. Yakijaa, huvushwa kwa mashua. Huketi akala kamba na pweza huku akizitazama ngalawa zikirudi kutoka mwambani. Sisemi haya kwa kejeli. Mahali ni pazuri, na mtu aliyesafiri mbali ana haki ya kupenda alichokiona. Walakini, mwenye kusoma historia hujiuliza swali ambalo mlaji hana haja nalo: hapa mwenyeji ni nani? Neno lenyewe, ukilitega sikio, ladai jawabu zito, kwani ndani yake mna mtu mwenye mji.

Uvuvi wa pwani hii ni wa kale kuliko miji yake ya mawe. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erithrea, chataja kisiwa cha Menouthias, ambacho wataalamu wengine hudhani ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia. Mwandishi wake aliona huko vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na watu wakitega kwa vikapu vilivyosukwa badala ya nyavu. Msomaji aliyepata kuliona dema likishushwa majini hatahitaji kuelezwa zaidi. Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, ambako Mark Horton alianza kuchimba mwaka 1980, mifupa ya samaki yapatikana tangu makazi ya kwanza ya karne ya 8, na wengi wao ni samaki wa maji machache ya karibu na miamba. Samaki wa kilindini waliongezeka baadaye, baada ya mwaka 1000 hivi, miji ilipokua na vyombo vilipothubutu kwenda mbali. Yaani kwa muda mrefu hata wenye miji walikuwa watu wa kugaagaa na upwa.

Lakini kuvua ni jambo moja, na kumlisha mtu usiyemjua ni jambo jingine. Kwa hilo la pili shahidi wetu bora ni Ibn Battuta, Mmaghribi wa Tanja, aliyepita pwani hii mwaka 1331. Alianzia Mogadishu, akaenda Mombasa, kisha Kilwa. Alikuwa mtu wa kupenda kula vizuri, na huo ni wema mkubwa kwa wanahistoria, maana watalii wengi wa zamani walihesabu majeshi na misikiti wakasahau kutuambia walikula nini.

Asimulia kwamba jahazi ilipotia nanga Mogadishu, vijana wa mji walitoka kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi sahani mfanyabiashara mmojawapo aliyekuwamo chomboni na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hakufikia popote ila katika nyumba ya kijana yule, na mwenye nyumba ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizozitaka. Aliyeuza au kununua na mgeni yule pasipo mwenyeji wake kuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili. Ni wale tu waliokwisha kuzoea mji na kuwajua watu wake walioweza kufikia watakapo.

Nimewasikia wenzetu wengi wakisema kwamba zamani chakula cha mgeni kilikuwa bure, na kwamba fedha ndiyo iliyotuharibu. Sahani ile iliyofunikwa yawajibu. Chakula hakikuuzwa, ni kweli, wala mgeni hakuulizwa bei. Lakini ndani ya ule wali mlikuwa na mkataba. Aliyekula alifungwa, na aliyelisha alifungwa pia, kwa sababu aibu ya mgeni aliyedhulumiwa ingelikuwa aibu yake mbele ya mji mzima. Ukarimu na biashara vilitoka katika jungu moja. Tofauti ya zama zile na zama zetu haiko katika fedha kuwapo au kutokuwapo. Iko katika mlango ambao faida iliingilia: iliingia kwa mlango wa nyumba iliyopika.

Ibn Battuta mwenyewe hakuwa mfanyabiashara, na vijana wa mashua walipojua kwamba ni mwanachuoni walimwachia kadhi. Alipewa malazi katika nyumba ya wanafunzi, akaletewa chakula kutoka nyumba ya mtawala, mara tatu kwa siku, kwa siku tatu. Alichokula amekitaja kwa utaratibu: wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika sinia kubwa la mti, na juu yake vyombo vya kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Kisha ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yaliyowekewa ndimu za achari, vishada vya pilipili za achari, tangawizi mbichi na maembe. Aeleza pia jinsi ya kula: tonge la wali, kisha kidogo katika vile vya chachu. Akaongeza, kwa mshangao wa mtu aliyeshindwa, kwamba mwenyeji mmoja hula kiasi cha kundi zima la wenzake yeye. Miaka karibu 700 imepita, na mtu wa Lamu au wa Unguja akiisoma orodha ile haoni chakula cha kigeni ndani yake, isipokuwa labda atauliza nazi iko wapi.

Mombasa alikaa usiku mmoja, akaandika kwamba chakula cha watu wa kisiwa kile kwa sehemu kubwa ni ndizi na samaki, na kwamba nafaka huletwa kutoka mrima. Kilwa alimkuta Sultani Hasan bin Suleiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji, kwa wingi wa kutoa kwake. Naye husifiwa kwamba aliketi na mafukara na kula pamoja nao. Zingatia kwamba jina la heshima la mfalme limetokana na mkono uliofumbuliwa. Katika miji ile ukubwa ulionekana sinianiani, na bakuli za kigeni ziligandamizwa hata katika kuta za nyumba na makaburi ili mpita njia ajue kwamba hapa palikuwa na watu wa kulisha.

Desturi hiyo ilifuata vyombo hata vile visivyoaminiwa. Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alipofika Mombasa, pamoja na shaka zote za pande mbili, mtawala alimpelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Na Malindi, siku chache baadaye, alipelekewa kondoo na viungo. Chakula kilikwenda chomboni kabla ya maneno.

Sasa tuitazame lugha, maana lugha huweka tarehe ambazo watu wamezisahau. Nyumba ambamo mtu hulipa akala twaiita mkahawa, au mgahawa, au hoteli. La kwanza na la pili ni neno moja, nalo limezaliwa na kahawa. Hii ni kusema kwamba kitu ambacho mtu wa pwani alikubali kuketi na kukilipia nje ya nyumba yake hakikuwa wali wala samaki. Kilikuwa kikombe kidogo cha kahawa chungu, kilichomiminwa kutoka katika dele, na pamoja nacho mazungumzo. La tatu twalijua lilikotoka, na jinsi lilivyobadilika lilipotufikia: kwa Mwingereza ni nyumba ya kulala, kwa mtu wa mtaani Dar es Salaam hoteli ni mahali pa chai na chapati, hata kama hapana kitanda. Likaja baadaye jina zuri kuliko yote hayo, mama ntilie. Tazama muundo wake. Mnunuzi hasemi niuzie. Asema nitilie, kama mtoto ashikaye sahani jikoni kwao, na muuzaji amemwita mama. Hata pale tulipokubali kununua chakula kilichopikwa, ulimi wetu ulikataa kutoka nyumbani.

Katika kijiji cha wavuvi jambo hili lilichelewa zaidi kuliko mjini. Mvuvi hakuwa na haja ya mkahawa. Alipokwenda dago, yaani kuhamia ufuo wa mbali kwa msimu pamoja na wenzake, walipika wenyewe na kula pamoja. Aliporudi dikoni, mapato yaligawanywa: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya mabaharia, na zaidi ya mafungu ya kuuzwa, kila mtu alibeba samaki wake wa kitoweo, ambaye hakuingia mnadani. Samaki huyo wa kitoweo ni mdogo katika hesabu za uchumi, lakini ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba. Mgeni aliyepita kijijini saa ya chakula alikula sehemu ya samaki huyo. Ikiwa alizidi kukaa, ipo methali ya siku ya tatu na jembe, ambayo ni mzaha nusu na sheria nusu.

Swali la kuufanya ukarimu kuwa kazi ya kulipwa lilijadiliwa kwa sauti kubwa mwaka 1970, katika kurasa za gazeti la The Standard la Dar es Salaam. Vijana wa TANU waliuliza kama nchi inayojenga ujamaa yaweza pia kujenga mahoteli ya watalii. Wengine walijibu kwamba fedha za kigeni hazina budi kupatikana. Makala za mjadala huo zilikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotolewa mwaka 1973 na Tanzania Publishing House. Miaka ile ile mahoteli yalikuwa yakiinuka kaskazini ya Dar es Salaam katika pwani ya Kunduchi, kijiji cha wavuvi chenye magofu ya msikiti na makaburi yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina. Wapinzani waliogopa kwamba mwananchi atageuzwa mtumishi katika nchi yake. Watetezi walihesabu dola. Kwa kadiri niionavyo mimi, pande zote mbili zilizungumza habari za taifa na mtalii, na kijiji kilichokuwa kati yao kilitajwa kwa nadra. Hakuna aliyeuliza nani atapika.

Zanzibar jawabu lilikuja kwa sheria. Mwaka 1986 ilipitishwa sheria ya kulinda vitega uchumi, na ile ya ardhi ya mwaka 1992 ikafungua njia ya ardhi kukodishwa kwa wasio Wazanzibari. Nungwi, kijiji cha mafundi wa majahazi na wavuvi, kikazungukwa na mahoteli. Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989 na kuwapa wanawake fedha ya mkononi, zikajikuta na aina mbili za watu majini: wanaoinama kufunga mwani katika kamba, na wanaotaka maji yasiyo na vijiti. Kizimkazi, penye msikiti ambao maandishi yake ya Kikufi yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, pomboo ambao zamani waliwindwa kuwa chambo cha papa sasa hutazamwa kwa malipo, na baada ya kutazamwa hufuata chakula cha mchana. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea watalii 538,264. Watu hao wote walikula, na wengi walitaka kula samaki, mbele ya bahari, katika makuti.

Basi fuata samaki mmoja. Asubuhi chombo hufika dikoni na mnada huanza. Miongoni mwa wanunuzi wamo watu wa mahoteli, wenye mizani na barafu. Nguru, jodari, kamba na pweza mkubwa huwaendea wao kwa bei ambayo mke wa mvuvi hawezi kuishindana. Mvuvi hapati hasara. Siku nyingine hupata kuliko baba yake alivyopata kwa mwezi, na ni dhuluma kumlaumu kwa kuuza. Lakini yule samaki wa kitoweo, ambaye zamani hakuingia mnadani, sasa naye ana bei, na kilicho na bei huondoka. Kwa pweza jambo hili liko wazi zaidi. Kumtafuta pweza upwani wakati wa bamvua ilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya wanawake, na pweza yule alikuwa wao. Bei ilipopanda, wanaume waliingia wenye miwani ya kuzamia na mikuki, wakamfuata hadi kwenye maji ambayo mwanamke mwenye kijiti hafiki.

Siku moja, Jambiani, nilimkuta bibi mmoja ameketi kivulini, mbele yake pweza wawili katika beseni. Nilimwamkia.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo, bibi. Pweza hawa wauzwa?”

“Mkubwa ana mwenyewe, wa hoteli. Mdogo chukua.”

“Na wewe, leo kitoweo nini?”

Alicheka. “Dagaa, baba. Pweza siku hizi mgeni.”

Sikuweza kujua mara moja kama alikusudia kwamba pweza amekuwa nadra kama mgeni, au kwamba pweza ni wa mgeni. Nadhani alikusudia yote mawili, na ningependa wanafunzi wangu waandike sentensi moja yenye uzito wa ile.

Kuna mengine ambayo yangestahili insha yake: habari za pombe karibu na msikiti, za mikahawa katika mwezi wa Ramadhani, za orodha za vyakula ambazo kwa Kiitaliano zasomeka na kwa Kiswahili hazikuandikwa. Nayapita. Yanasemwa sana, na mara nyingi husemwa ili lisisemwe lile la jikoni. Mgeni aliyevaa vibaya huonekana. Kitoweo kilichotoweka hakionekani.

Wala si haki kudhani kwamba vijiji vimekaa vikitazama. Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wamepata kuufunga upande wa mwamba wao kwa miezi kadhaa, asivue mtu, ili pweza wakue, kisha wakaufungua siku moja kwa wote, wanawake na wanaume. Huo ni uamuzi wa mtu mwenye mji. Na katika vijiji vya mashariki ya Unguja, nyuma ya mahoteli makubwa, yapo mabanda madogo ambayo mwanamke wa kijiji hupika mwenyewe. Hayana picha ukutani. Meza ni mbili au tatu, kitambaa cha meza ni cha plastiki, na usipoagiza mapema utangoja, kwa sababu samaki hajatoka baharini.

Nimekula katika banda mojawapo. Samaki alikuwa changu, amepasuliwa, amechomwa juu ya makaa ya vifuu, huku akipakwa tui zito lililotiwa ndimu, kitunguu thomu na pilipili, safu juu ya safu, hata akawa na ngozi ya rangi ya dhahabu. Wali ulikuwa wa nazi. Pembeni palikuwa na kibakuli cha achari ya ndimu na maembe mabichi, ambayo sikuiagiza. Katika meza ya pili walikuwako vijana wawili wa Ulaya, mume na mke, na mwenye banda alikuwa amewaonyesha jinsi ya kufinya tonge. Mumewe, ambaye ndiye aliyemvua samaki, aliketi karibu akishona wavu na kujibu maswali yao kwa Kiingereza cha kutosha. Walipomaliza waliomba wajue ni wapi waweza kupata chombo cha kwenda mwambani kesho, na nani awauzie viungo kwa bei ya haki, na kama kuna mtu awezaye kuwashonea nguo. Mwenye banda alimwita mwanawe mmoja kwa habari ya chombo, na dada yake kwa habari ya nguo. Viungo alisema atawaletea yeye.

Nilipoomba hesabu yangu alitaja samaki, wali na soda. Nilimuuliza achari je, kwani nilikuwa nimemaliza kibakuli chote na nusu ya cha pili.

“Achari haiuzwi, baba,” alisema, akaondoa vyombo.